NYUMBA MPYA NI BARAKA, LAKINI MZIGO WAKE UGAWANYWE KWA HAKI



Anayepita barabara ya Mikumi kwenda Kidatu anajionea mwenyewe: matofali yamepangwa, mchanga umemwagwa, mabati mapya yanang'aa. Kidodi inajengwa. Sababu tunazijua sote. Kiwanda cha sukari ni jirani yetu, miwa ya wakulima wadogo imetuzunguka, gari linapita mlangoni, na kila msimu wa kukata miwa watu wanakuja kutafuta kazi na wanataka pa kulala. Mwenye kiwanja anajenga vyumba, anapangisha. Hatuna ugomvi na hilo. Kijiji ambacho hakijengwi ni kijiji kinachokufa.

Lakini kuna maneno yanasemwa bombani na kilabuni, na hata tukitoka mikutanoni. Sisi tunaona ni heri yaandikwe hapa ukutani kuliko kunong'onwa. Maneno yenyewe ndiyo haya: "Sisi tulichimba mtaro wa bomba kwa mikono yetu, tukabeba mawe, tukachanga. Huyu kaja juzi, kajenga vyumba kumi, na ndoo zake ziko mbele ya zetu. Alipe!" Na wengine wanajibu: "Alipe nini tena? Kiwanja kanunua, na mchango anatoa kama wewe. Ama mnataka kumkamua mtu kwa kuwa ni mgeni?"

Kila upande una nusu ya haki. Kazi yetu leo ni kuziunganisha nusu hizo mbili.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina undugu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilipanga kwamba bomba moja la kijijini lihudumie watu 250, kila mtu apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400 kuyafuata. Tuseme kaya moja ina watu 5. Basi bomba hilo ni la kaya 50. Sasa tuseme mtu amejenga nyumba ya vyumba kumi vya kupangisha, na kila chumba kina watu watatu. Wameongezeka watu 30, na kwa kipimo hicho wanahitaji lita 750 kwa siku, yaani ndoo kubwa za lita 20 zaidi ya 37. Upande wa pili yuko kijana wetu aliyejinyima misimu kadhaa akajenga chumba na sebule ili aoe. Hao ni watu wawili, lita 50. Lakini ukifungua daftari la michango, yule wa lita 750 kaandikwa kaya moja, na huyu wa lita 50 naye kaya moja. Mchango wao ni uleule. Jamani, hiyo si haki, na mwenye makosa si mgeni wala si kijana. Mwenye makosa ni daftari.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema atozwe aliyekuja juzi. Hivi hapa Kidodi ni nani asiye na mgeni katika ukoo wake? Wavidunda ni wenyeji wa milima hii, lakini wangapi kati yetu baba zao waliletwa na kazi ya miwa, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa? Miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, nchi nzima watu walihamishwa na kupangwa upya. Tukianza kutoza ugeni hatutajua pa kuishia. Tena nyumba ya mtoto aliyezaliwa hapa nayo inakunywa maji. Kinachopimwa kiwe mzigo ambao nyumba inauleta. Siku mwenyewe aliyoshuka kwenye basi isiingie katika hesabu.

Sasa kuna ada nyingine ambayo watu wanaijua bila kuambiwa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtu akinunua kiwanja anaambiwa atoe "asilimia kumi ya ofisi." Serikali imekemea desturi hiyo mara nyingi, lakini bado inadaiwa. Itazameni vizuri. Inakatwa kwenye bei ya kiwanja, kwa hiyo haijui kama unajenga chumba kimoja au ishirini. Inatolewa mkononi, na mara nyingi bila stakabadhi. Haisemi ni ya bomba, ya mtaro wa maji ya mvua wala ya choo cha soko. Fedha ya namna hiyo ikishaingia mfukoni, kijiji hakipati hata koki. Mnunuzi anaona amekwisha lipa, na kijiji kinaona hajalipa kitu. Hapo ndipo chuki inapozaliwa.

Kutoza kwa kuhesabu paa nako kuna hasara zake. Kule Buganda, Mkataba wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba. Watu wakafanyaje? Wakabanana wengi ndani ya nyumba moja ili wahesabiwe paa moja. Na siku zetu hizi, kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Ni rahisi kukusanya, hilo hatubishi. Lakini nyumba ya kawaida ya vyumba viwili na nyumba ya kawaida ya vyumba kumi zinalipa sawa. Na ingawa kodi ni ya mwenye nyumba, mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, basi yeye ndiye anakatwa. Tukitunga ya kwetu tusirudie makosa hayo.

Jambo hili linasumbua hata nchi tajiri. Huko Marekani, katika jimbo la California, bwana mmoja aitwaye George Sheetz alitaka kuweka nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake. Kabla ya kupewa kibali akatakiwa alipe dola 23,420 kwa ajili ya barabara. Akalipa, kisha akaenda mahakamani. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwa kauli moja kwamba ada ya nyumba mpya haiepuki kupimwa eti kwa sababu imetungwa na baraza. Vipimo ni viwili. Je, ada inahusiana na mzigo ambao nyumba ile inauleta? Na je, kiasi chake kinalingana na mzigo huo? Mahakama haikusema ada ile ni batili; iliirudisha kesi ikapimwe. Sisi si Wamarekani, lakini mizani hiyo miwili hata bibi yetu anayeuza nyanya sokoni anaielewa.

Basi msimamo wetu ni huu, na tunauleta mbele ya mkutano mkuu wa kijiji:

Kwanza, kuwe na mchango wa nyumba mpya, utozwe mara moja tu, na uhesabiwe kwa vyumba vya kupangisha. Anayejenga nyumba ya kuishi yeye na familia yake asibebeshwe sawa na mwenye biashara ya vyumba. Wajane, wazee wasiojiweza na waliobomokewa na mvua wasamehewe. Kiasi kipangwe na mkutano, lakini kisiwe cha kumfanya mtu ajenge usiku kwa kujificha.

Pili, alipe mwenye nyumba. Asimgeuzie mkata miwa kwa kumpandishia kodi ya chumba ghafla katikati ya msimu.

Tatu, fedha hiyo iwe ya maji na mitaro tu, vitu ambavyo nyumba mpya inavielemea moja kwa moja. Isiingizwe shuleni kwa mlango wa nyuma. Tangu Elimu Bila Malipo ilipoanza mwaka 2016, mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Mwalimu na dawa za zahanati ni wajibu wa Serikali. Sisi wakulima ushuru wa mazao yetu unakwenda Halmashauri. Huo tuudai kwa sauti yetu wote, urudi kama madarasa na dawa. Mwenye nyumba mpya asifanywe kiraka cha kuziba deni la wengine.

Nne, ipite njia ya sheria. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inairuhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo, lakini wananchi washirikishwe na Halmashauri ya Wilaya iidhinishe. Bila hivyo hatuwezi kumlazimisha mtu, tutakuwa tunaomba tu. Kila anayelipa apewe stakabadhi, na hesabu ibandikwe hapa hapa ukutani kila baada ya miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Na sisi tuliotangulia tusijione watakatifu. Wapo kati yetu wenye nyumba za zamani za vyumba vingi, ambao michango ya kutengeneza bomba hawajatoa tangu lini sijui, kazi ni kusimulia tu walivyochimba mtaro. Bomba halinyweshi watu kwa hadithi. Matengenezo ya kila mwaka nayo yahesabiwe kwa vyumba, ya nyumba mpya na ya zamani. Tukishindwa kujitoza wenyewe, hatuna uso wa kumtoza jirani.

Kwa hiyo, ndugu, tunawaomba mje mkutanoni. Aliyejenga juzi naye aje. Akiwa mkazi na ana miaka 18, mkutano ni wake kama ulivyo wetu. Asemewe na mdomo wake mwenyewe, asisemwe kwa mgongo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza: jembe lenyewe lilingane na shamba lake, na mwenyeji naye awe tayari ameshika la kwake.

Kamati ya Gazeti la Ukutani
Ushirika, Kidodi