RUBANI KUWA TICHA SIO KUFELI, WATU TUACHE USHAMBA

Kuna picha ya dada mmoja imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Kasimama pembeni ya Cessna 172, mwanafunzi wake kando. Waliosoma naye sekondari wakaanza: "Si alisema anaenda kuwa rubani? Mbona kawa ticha?" Mwingine akaiita ile ndege bajaji ya angani. Vicheko vikafuata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyo dada ni rubani, tena ana leseni.

Tatizo ni kwamba wengi wanadhani mtu akimaliza shule ya urubani anakabidhiwa Boeing siku hiyohiyo. Haiendi hivyo wadau. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya urubani wa biashara inapatikana mtu akiwa na saa 200 hivi za kuruka, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya ukapteni wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Hapo katikati pana shimo la saa zaidi ya elfu moja, na kukodi ndege hata ndogo kwa saa moja ni hela ndefu. Mzazi aliyeshauza kiwanja ili mtoto asome atauza nini tena?

Ndo hapo kufundisha kunapoingia. Mwalimu akiruka na mwanafunzi, zile saa zinaandikwa kwenye daftari lake pia. Badala ya kulipia mafuta, analipwa yeye. Hata kama ni kidogo, si sawa na kukaa nyumbani na leseni kabatini.

Ila kuna jambo kubwa kuliko saa. Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Uchunguzi ulionyesha ndege ilipotoa onyo kwamba inakaribia kukosa upepo wa kuibeba, kapteni alivuta usukani wakati alitakiwa kuusukuma mbele. Baada ya hapo Wamarekani wakabadili sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege kule kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500. Vijana wengi wa huko wanazipata kwa kufundisha.

Sasa sikia hii: marubani wote wawili wa ile ndege walikuwa wameshavuka saa 1,500. Maana yake saa nyingi peke yake hazimfanyi mtu awe mjuzi. Na lile kosa la kuvuta badala ya kusukuma ndilo mwalimu wa urubani anapambana nalo kwa wanafunzi wake kila siku. Anamwacha mtu akosee, halafu anaiokoa ndege kabla mambo hayajaharibika. Mtu aliyefanya hivyo mara mia mbili huyo unamcheka nini?

Wa kusemwa wapo, lakini ni wengine. Kuna walimu ambao mwanafunzi kwao ni mita ya kuhesabia saa. Hawaelezi kitu, wanashika usukani wao muda wote, somo la wiki moja linakuwa la mwezi, na bili inakwenda kwa mzazi. Simu ya shirika la ndege ikiita, wanaondoka bila hata kumkabidhi mwanafunzi kwa mwenzao. Kutafuta saa sio dhambi, ila mtoto wa mwenzio sio ngazi ya kupandia.

Na wenye shule nao wajitazame. Ukimlipa mwalimu kwa saa za angani tu, mvua za masika zikikaa wiki mbili anakula nini? Mwalimu mwenye njaa atawaza kuondoka tu, hawezi kuwaza somo la kesho.

Kwa hiyo anayefundisha afundishe kweli mpaka siku anayoaga. Wanafunzi wake wa leo ndio watakaotubeba sisi na mama zetu kesho, na hatutapata nafasi ya kuwauliza walifundishwa na nani.

Haya wadau, mdogo wako akikwambia ana leseni ila anaanza kwa kufundisha, utampa hongera au pole? Tiririka hapo chini.