Kibao cha Shule Hakifundishi Mtoto

Twataka kusema leo juu ya shule zetu za sekondari za mashambani, wala hatutasema kwa kunong'ona. Katika misioni nyingi za nchi yetu ya Kongo, shule ya sekondari ilianza na seksioni moja tu, mara nyingi ile ya ualimu. Leo ukipita barabarani wasoma juu ya kibao: Ualimu, Kemia na Biolojia, Biashara na Usimamizi, Ilatini na Filosofia, pengine na Ukulima. Wazazi wanakisoma kibao hicho na kufurahi. Lakini tuingie ndani, tuulize. Mwalimu wa kemia ni nani? Ni kijana aliyemaliza sekondari hapo hapo mwaka jana. Laboratwari, yaani chumba cha majaribio, iko wapi? Haiko. Na vitabu? Kiko kimoja, cha mwalimu, nao wanafunzi wanakili yale anayoandika ubaoni. Darasa la mwisho lina wanafunzi wangapi? Saba. Basi, seksioni hiyo ilifunguliwa kwa faida ya nani?

Jibu twalijua sote. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu mshahara wa kutosha, wazazi ndio wanaobeba shule kwa malipo yale yaitwayo prime. Mwaka wa 2019 Serikali ilianza kutimiza ahadi ya masomo ya bure, lakini katika shule za msingi tu; mzazi wa mtoto wa sekondari angali akilipa. Tena wako walimu wengi ambao hawajaingizwa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Wanangoja mwaka hata mwaka, na chakula cha watoto wao chatoka mfukoni mwa wazazi. Kwa hiyo kila mwanafunzi aingiaye shuleni ni fedha, na kila seksioni mpya ni wavu wa kuvulia wanafunzi wa shule ya jirani.

Hatumlaumu mwalimu mwenye njaa. Deni lake ni la Serikali, na Serikali ilipe. Twalaumu hesabu mbaya. Seksioni mpya yataka walimu wapya, nao walimu wapya watagawana prime ile ile ya wazazi wale wale. Mwisho wa mwezi kila mmoja apata kidogo kuliko zamani, na wazazi wanaongezewa mzigo. Asiyeweza kulipa, mtoto wake anarudishwa nyumbani katikati ya somo. Programu ya nchi imehesabu saa za kila somo kwa mwaka mzima. Mtoto huyo hapati hata nusu yake.

Neno la pili latoka katika hilo la kwanza. Mwanafunzi akiwa fedha, nani atathubutu kumwambia kwamba ameshindwa? Akirudia darasa, atakwenda kwa jirani, naye jirani atampokea kwa shangwe. Basi anaongezewa pointi kumi, kisha kumi nyingine, naye apanda darasa kwa darasa mpaka afika mbele ya Mtihani wa Serikali, ule ambao wanafunzi wauita Exetat. Mtihani huo uliwekwa mwaka wa 1967 ili watoto wote wa nchi, wa Kinshasa na wa kijiji cha mwisho, wapimwe kwa kipimo kimoja. Anayepata nusu ya pointi apewa diploma. Hapo uongo wa miaka ungefunuliwa. Lakini katika vituo vingine uongo unalindwa hata hapo: fedha zinachangishwa ili wakubwa wa kituo wafumbe macho, na majibu yanaingia kwa simu. Watu wanatoa majina mazuri kwa mchango huo. Sisi twauita wizi.

Nani anayeibiwa? Si Serikali tu. Kijana wa seksioni ya ualimu hatakwenda mbali na diploma yake. Mara nyingi atarudi kufundisha katika shule ya msingi ya kijiji chake. Mtoto wa darasa la kwanza atajifunza kusoma kwa mtu asiyejua kuandika sentensi iliyo sawa. Kijana wa kemia na biolojia ataingia chuo cha wauguzi, na siku moja atapewa mtoto mchanga mwenye homa, apime dawa kwa kadiri ya kilo za mtoto, naye kugawa kwa desimali hakumwingia kamwe. Pointi zile kumi za huruma zitadaiwa siku hiyo, na atakayezilipa ni mtoto asiyekuwamo darasani.

Wako wanaotujibu: «Hawa ni watoto wa mashamba. Wanalima kabla ya kuja shuleni, wanatembea saa mbili, usiku hawana taa. Tusiwadai kama watoto wa mjini.» Mzigo huo ni wa kweli, na anayeucheka hajui kijiji. Lakini kumpunguzia mtoto mzigo ni kitu kimoja, na kumdanganya ni kitu kingine. Stefano Kaoze, padre wa kwanza wa Kongo, aliyepadirishwa Baudouinville mwaka wa 1917, alifundishwa katika misioni za ukingo wa Tanganyika, mbali na mji wowote mkubwa. Hata kabla ya upadre wake, mwaka wa 1910, maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalianza kutokea katika jarida la Wazungu. Waalimu wake walikuwa na makosa yao, kama wakati wao ulivyokuwa. Lakini hawakusema kwamba mwana wa kijiji hawezi Kilatini.

Wala umaskini si udhuru wa kila kitu. Mwalimu anayeijua kemia achemsha maua mekundu ya hibisko. Akitia ndimu, maji yanazidi kuwa mekundu; akitia maji ya majivu, yanageuka kuwa ya kijani. Hapo wanafunzi wameona asidi na besi kwa macho yao, bila faranga moja. Kwa fimbo ya mita moja na kivuli chake watapima urefu wa mti wa uwanjani, na hesabu za pembetatu zitatoka ubaoni. Kwa maharagwe katika mikebe watafuata uotaji wa mbegu siku kwa siku na kuandika waliyoyaona. Kazi hizi hazimalizi programu. Laboratwari ingali inahitajiwa, na tuidai. Lakini zataka kwanza mwalimu anayelijua somo lake, na mwalimu huyo hapatikani kwa kuongeza maneno juu ya kibao.

Basi twasema nini? Shule ya mashambani iwe na seksioni moja au mbili, zifundishwe kweli. Shule za jirani zipatane mbele ya ofisi ya shule ya jimbo: hii ishike ualimu, ile sayansi, ya tatu ukulima wenye shamba la kweli, si shamba la kumlimia prefe. Anayetaka seksioni ya mbali, heri tumjengee mahali pa kulala kuliko kumdanganya karibu na nyumbani.

Nanyi wazazi, ninyi mnaolipa mna haki ya kuuliza. Prefe akija mbele ya kamati yenu na habari ya seksioni mpya, msipige makofi upesi. Mwulizeni: Nani atakayefundisha, na alisomea wapi? Kwa vitabu gani, na vingapi? Kwa vyombo gani? Nani atakayemlipa mwalimu huyo? Asipojibu, semeni hapana. Na mtoto wenu akirudi nyumbani na pointi arobaini alizozipata kwa haki, msikimbie kwa jirani kumnunulia sitini. Ketini naye, mwone ameshindwa wapi, mpeni saa moja ya jioni bila kazi ya nyumbani, na mmwache arudie darasa kama yafaa. Mwaka mmoja wa kurudia ni mzigo mwepesi kuliko diploma ambayo mwenyewe anaogopa kuulizwa juu yake.