Foleni ya Jiji na Mteremko wa Sekenke

Yapo maneno yanayosemwa kila jiji la Dar es Salaam linapotajwa, nayo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri: kwamba barabara ni nyembamba, kwamba ziongezwe upana, kwamba kila njia panda ijengewe daraja la juu, na foleni itakwisha. Makusudi ya makala hii ni kuyapinga maneno hayo, na kuyapinga kutoka mahali ambapo pengine msomaji hakupatazamia, yaani Sekenke, katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, karibu kilomita 800 kutoka bandarini.

Msomaji ataniuliza, Sekenke na foleni ya Dar es Salaam vina udugu gani? Sekenke ni ukingo wa nyanda za juu za Iramba. Barabara kuu itokayo Dodoma na Singida ikifika hapo huporomoka kuelekea Shelui, kisha huvuka mbuga za Wembere kwenda Igunga na Nzega. Zamani palijulikana kwa dhahabu. Wajerumani waliichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Na mwaka 1916, walipokuwa wamebanwa na fedha zimewaishia, dhahabu ya Sekenke ilipigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora, katika karakana ya reli, zenye sura ya tembo upande mmoja. Siku hizi jina la Sekenke halitajwi kwa dhahabu bali kwa malori. Malori mengi yanayochukua shehena ya Rwanda, ya Burundi na ya mashariki ya Kongo hushuka mteremko huu yakiwa yamejaa, pamoja na mabasi ya Mwanza na magari madogo ya wenyeji.

Basi lori linaloshuka Sekenke leo ndilo lililokuwa juzi katika Barabara ya Mandela, likinguruma mbele ya daladala iliyojaa watu waliochelewa kazini. Limetoka bandarini, likapita TAZARA, Buguruni, Tabata na Ubungo, likaingia Barabara ya Morogoro na kupanda Kimara hadi Kibaha. Ni gari moja na safari moja. Lakini wapangaji wetu wamelikata vipande viwili: kipande cha mjini wamekiita foleni, wakakitafutia fedha, kipande cha bara wamekiita ajali, wakakitafutia mtu wa kulaumiwa.

Tazama mahali fedha zilipokwenda. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la juu la Mfugale pale TAZARA. Mwaka 2021 yakafunguliwa makutano ya Kijazi pale Ubungo, yenye ngazi tatu. Yote mawili yako juu ya njia ile ile ya malori ya bandari, na mimi siyadharau. Ni kazi nzuri ya wahandisi, na mtu aliyewahi kusimama Ubungo siku za taa hawezi kuyacheka. Walakini wakati yalipofunguliwa, njia panda za Buguruni na Tabata, zilizo kati yao, zilibaki chini kama zilivyokuwa. Maji uliyoyafungulia huku hukusanyika kule. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kati ya Kimara na Kiluvya ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe iwe na njia nane. Waliovunjiwa walilipa gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu ya ujenzi, nao wana haki ya kuuliza: je, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mkazi wa Mbezi anayekwenda Kariakoo, au kwa ajili ya kontena linalokwenda Kigali, ambalo lingeweza kwenda kwa reli?

Ulimwengu ulikwisha kulijua jambo hili zamani. Mwaka 1962 Mmarekani Anthony Downs aliandika kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, msongamano wa saa za kwenda kazini hurudi kulingana na upana mpya. Sababu yake si uchawi. Barabara ikiwa nyepesi, yule aliyekuwa akitoka alfajiri hutoka saa mbili; aliyekuwa akipanda basi hununua gari; na aliyekuwa akikaa karibu huenda kujenga mbali, kwa kuwa mbali pamekuwa karibu. London walikamilisha mwaka 1986 barabara yao kubwa ya kuuzunguka mji, M25, na haukupita muda mrefu ila ikawa maarufu kwa foleni zake. Jirani zetu wa Nairobi walifungua mwaka 2022 barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Nayo hupitwa kwa malipo, na asiye na malipo amebaki chini, katika barabara ya zamani na shida yake ya zamani.

Dar es Salaam haikukosa mipango. Ilipangwa mwaka 1949, ikapangwa tena mwaka 1968, ikapangwa tena mwaka 1979, na kila mara jiji lilikua kuliko karatasi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta mkoani humo watu 5,383,728. Hakuna nchi iliyoweza kuwachukua watu kiasi hicho kwa magari ya mtu mmoja mmoja. Jambo la busara lililofanyika katika miaka hii ni mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza mwaka 2016 katika njia ya kilomita 20.9, maana basi moja refu huchukua watu zaidi ya mia, na lina njia yake lenyewe. Hata hivyo kituo chake kikuu kikajengwa Jangwani, bondeni kwa mto Msimbazi, mahali ambapo kila mtoto wa Magomeni anajua kwamba mvua ikinyesha huwa ziwa. Jambo hilo limenishinda kulieleza, nami naliacha.

Sasa nirudi kwenye lori, maana ndilo shina la hoja yangu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1930 palikuwa na tawi lake kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, si mbali na Sekenke. Tawi hilo likang'olewa katika miaka ya 1940. Baadaye ikajengwa bandari kavu ya Isaka, katika reli ya kwenda Mwanza, na fikira yake ilikuwa safi kabisa: shehena ya Rwanda na Burundi isafiri kwa treni hadi Isaka, ipakiwe kwenye malori huko, imalizie safari fupi hadi mpakani. Shehena iliyopita njia hiyo haikuonekana Ubungo, wala haikushuka Sekenke. Treni moja ya mabehewa ishirini iliondoa malori yasiyopungua ishirini katika sehemu zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini reli iliachwa ichakae. Mwaka 2007 ikakodishwa kwa kampuni kutoka India, na baada ya miaka michache Serikali ikairudisha mikononi mwake. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 yakaikata Kilosa. Kila behewa lililosimama lilizaa lori, na kila lori likaja kupiga foleni Ubungo. Ndipo tukaambiwa kwamba dawa ni daraja.

Wako watakaosema kwamba malori ni riziki, kwamba Misigiri na Shelui hula kwa sababu madereva husimama kula. Ni kweli, wala sipendi kumwona mama ntilie akikosa wateja. Lakini riziki hiyo huja na gharama ambayo hailipwi na mwenye shehena. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Marekani, jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kiasi cha mara kumi na sita. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori na tela lake kufikia tani 56. Lami inayopondwa hivyo hutengenezwa kwa kodi ya wote, pamoja na mkulima wa alizeti wa Iramba ambaye hana hata baiskeli.

Na kuhusu ajali, nasikia kila mara neno uzembe. Madereva wazembe wapo. Lakini tani 56 zikiteremka mlima, nguvu yote ya kuzizuia ni lazima igeuke joto. Dereva akitegemea breki peke yake, breki huwaka, na zikiwaka hazishiki. Kinga yake ni gia ndogo tangu juu, na subira. Subira hiyo hudaiwa kwa mtu aliyepoteza saa nyingi kutoka bandarini hadi Kibaha, ambaye tajiri wake humpigia simu akiuliza amefika wapi. Mwenye kupanga foleni ya jiji amekwisha kulipangia lori mwendo wake hapa mlimani, ajue asijue.

Kuanzia mwaka 2024 treni ya umeme huchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Julai 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, ili makontena yatoke bandarini kwa reli. Hatua hii ni njema, lakini kontena likishushwa Kwala na kupakiwa lori huko huko, jiji litapumua na Sekenke haitapumua. Mikataba ya vipande vya Makutupora hadi Tabora, na Tabora hadi Isaka, ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Hivyo ndivyo vipande vitakavyoamua. Kwa hiyo nasema, kabla ya daraja jingine la juu kutolewa shilingi moja Dar es Salaam, vipande hivyo vikamilishwe, na nauli ya shehena hadi Isaka ipangwe chini ya ile ya lori. Na yeyote atakayeandika mpango mwingine wa barabara za jiji alazimishwe kuhesabu malori yanayopita Sekenke usiku na mchana, na kuonyesha katika mpango huo yatapungua mangapi, na kufikia mwaka gani.