Jumapili tu, mama

Mzazi mwenzangu, mtoto akienda ugenini kusoma lugha, kazi si nauli peke yake.

Binti yangu yuko Hakodate, kaskazini mwa Japani, kwa kozi ya wiki 8 za kiangazi. Asubuhi yuko darasani, jioni anakula na familia iliyompokea, na mezani ni Kijapani tu. Herufi 46 za hiragana alizimaliza akiwa hapa nyumbani, za katakana vilevile. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136. Hizo ndizo zinazomnyima usingizi.

Na mimi nilimnyima zaidi. Nilikuwa nampigia kila siku saa tatu usiku, nikishamaliza vyombo. Japani wametutangulia kwa saa 6, kwa hiyo kwake ni saa tisa usiku! Hakulalamika, mpaka alipofeli jaribio la wiki ya pili.

"Jumapili tu, mama. Nikiongea na wewe, kichwa kinarudi kwenye Kiswahili siku nzima."

Iliniuma, sifichi. Baba yake alicheka.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kama amekula. Akajibu, "Hai." Kwao ni ndiyo. Mimi nikasikia yu hai, nikakata simu nikalala.