Moto huanzia ndani ya boksi la stima, sisi twangoja gari la zimamoto

Usiku mmoja baada ya Isha tulisikia harufu ya plastiki ikiungua katika msikiti wa mtaani kwetu. Feni zote zilikuwa zikizunguka. Boksi la stima lilipofunguliwa, skrubu ya breka moja ilikuwa imelegea, waya wake umegeuka mweusi, na chini yake mavi ya mijusi yamejaa. Alhamdulillahi, ilikuwa harufu tu. Lakini kijana wa kwanza kukimbilia pale alikuja na ndoo ya maji, ikabidi mzee mmoja amshike mkono.

Moto ukitokea huku Pwani, lawama ni zile zile: gari la zimamoto lilichelewa, au lilifika bila maji. Ni haki kulaumu, kwa sababu Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi hiyo. Ila katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, vichochoro ni vya watu na punda. Gari hata likifika kwa wakati, litasimama wapi?

Wengi wetu hudhani breka itatuokoa. Breka hukata umeme unaopita ukizidi kiwango chake. Kiungo kilicholegea, au kilicholiwa na hewa yetu ya chumvi, huweza kupata moto bila umeme huo kuzidi hata kidogo. Breka haioni kitu. Joto linaendelea kupanda ndani ya boksi lililofungwa, usiku, watu wamelala.

Hapo ndipo panapofaa mitungi midogo inayofungwa ndani ya kabati la umeme au ubavuni mwake. Mrija mwembamba wa plastiki wenye shinikizo hupitishwa juu ya breka na viungo vya waya. Moto ukiugusa, mrija hupasuka pale pale penye joto kali na gesi hutoka kuuzima. Hauhitaji umeme wala mtu wa kubonyeza kitu. Ipo ya kaboni dioksaidi, ipo ya kemikali nyingine zisizopitisha umeme. Ya poda ni ya kuangaliwa vizuri, kwani poda ikikutana na unyevu wa huku hula shaba.

Lakini kifaa hiki si hirizi. Umeme usipokatwa wakati gesi inatoka, kiungo kitapata joto tena na moto utarudi, kwa hivyo lazima kiunganishwe na swichi ya kuzima. Na gesi yataka kabati lenye mlango. Mabodi mangapi ya masoko yetu milango yake imefungwa kwa kamba, au haipo kabisa?

Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinataka kila mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kwa miezi 12. Ningeanzia hapo, na ningeanza na hospitali, masoko na mabweni: viungo vikazwe, milango irudishwe, ndipo mitungi inunuliwe. Nahofia tutaanza na tenda ya mitungi, maana tenda ina wenyewe, halafu asipatikane hata mmoja wa kusoma geji mwaka unaofuata. Mtungi uliovuja ni pambo tu.

Pale msikitini tulimwita fundi mwenye leseni ya EPRA, akabadilisha waya na breka. Mtungi umeahirishwa, kwa kuwa mchango wa Ijumaa ulishatengewa zulia jipya. Kikao cha kamati ni Jumamosi, na nimeomba suala la mtungi lijadiliwe kabla ya zulia hilo kulipiwa.