Kukojoa Usingizini si Kosa la Nidhamu

Ndugu askari wa jeshi na polisi, leo twataka kusema juu ya jambo linalonong'onwa kambini lakini halitajwi gwarideni.

Katika Namatala, upande wa viwanda wa mji wa Mbale, chumba kimoja huweza kulaza baba, mama na watoto, na kamba ya kuanikia nguo huwa ya nyumba kadhaa. Mahali kama hapo shuka iliyofuliwa alfajiri haifichiki. Jirani huitazama, huhesabu siku, kisha hutoa hukumu. Mvua ishukapo kutoka mlima Wanale shuka hiyo haikauki, na mwenye nayo huilalia hivyo hivyo, mbichi. Wapo askari wa polisi wanaopanga vyumba katika mitaa ya namna hii. Nao wakaao kambini, iwe Mbale au Jinja, hawana faragha zaidi, kwa maana kati ya kitanda na kitanda hakuna ukuta.

Jambo lenyewe ni la kijana aliyekwisha balehe, au mtu mzima kabisa, ambaye hukojoa usingizini. Lugha yetu imempa jina la kikojozi, na jina hilo limekuwa tusi. Sisi twasema kwamba mtu huyo ana tatizo la afya wala hana kosa la nidhamu, na kwamba kambi impayo aibu badala ya tiba hujidhuru yenyewe.

Kwanza tujue kwamba hayuko peke yake. Waganga wanakadiria kwamba katika kila watu wazima 100, mmoja au wawili wanalo tatizo hili. Hata tukisema kwamba katika majeshi idadi ni nusu ya hiyo, kwa kuwa askari huchaguliwa kwa afya, bado katika kila askari 200 yupo mmoja au wawili. Wewe usomaye umekwisha kula naye sahani moja. Aidha, jambo hili hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, watoto wapatao 44 katika 100 hufanya vivyo hivyo; wakiwa wazazi wote wawili, hufikia 77. Basi baba anayemchapa mwanawe kwa kosa hili huenda anamchapa kwa urithi aliompa mwenyewe.

Sababu zake zinajulikana. Usiku mwili hutoa homoni inayoziamuru figo zipunguze mkojo; kwa watu wengine homoni hiyo ni haba. Wengine kibofu chao hakihimili mkojo mwingi, na wengine usingizi wao hausikii wito wa kibofu. Hayo huanza utotoni na kuendelea. Lakini mtu aliyelala pakavu miaka mingi, kisha ghafula akaanza kulowa, ana jambo jipya mwilini. Huenda ni kisukari, au maambukizo ya njia ya mkojo, au choo kigumu kinachokandamiza kibofu, au kukoroma kwa kukatika pumzi. Huenda ni tezi dume kwa mwenye umri mkubwa, au kifafa cha usiku, ambacho anayeshika bunduki hana budi kukijua mapema. Huenda ni pombe tu. Na huenda ni mashaka makubwa ya moyo aliyorudi nayo kutoka vitani.

Kwa vijana wetu iko sababu nyingine ya kukumbukwa. Katika ugonjwa wa selimundu figo hushindwa kuukoleza mkojo, na mgonjwa hukojoa mkojo mwingi usiku na mchana. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watoto kama 13 katika kila 100 wamerithi chembe ya selimundu, na eneo la Busoga, ambamo Jinja imo, lilikuwa miongoni mwa yale yaliyo juu. Kuibeba chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja si sawa na kuugua. Lakini kijana mwenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara, na ambaye bado hulowesha kitanda, apelekwe kupimwa damu, asipelekewe fimbo.

Fimbo imejaribiwa, tena si kwetu tu. Mwandishi Mwingereza George Orwell, ambaye kati ya 1922 na 1927 alikuwa ofisa wa polisi huko Burma, alipelekwa shule ya bweni akiwa na umri wa miaka minane, akaanza kulowesha kitanda, akachapwa na mwalimu mkuu. Kisa hicho alikiandika katika insha iliyochapishwa mwaka 1952, miaka miwili baada ya kifo chake. Hakuficha kwamba baada ya viboko tatizo lilikoma. Lakini alisema pia kwamba gharama yake ilikuwa nzito. Alichojifunza siku ile ni kwamba mtu aweza kuhesabiwa mwenye dhambi kwa jambo asilolitaka wala asiloweza kulizuia. Ndugu zetu wa polisi wataelewa upesi, kwani kila siku sheria huwataka waulize kama mshitakiwa alikuwa na nia. Aliyelala ana nia gani?

Tazameni sasa aibu inavyofanya kazi ndani ya sare. Askari anayeogopa kulowa hukataa kunywa maji mchana kutwa, akaanguka kwenye jua la mazoezi. Usiku hukaa macho makusudi, na asubuhi hupewa lindo na risasi. Hukataa kozi itakayompandisha cheo, kwa sababu huko watu hulala bwenini. Hatajitokeza kupimwa kisukari, kwa kuwa dalili ya kwanza ndiyo ile anayoificha. Hivyo kikosi hupoteza mtu mzima kwa ajili ya shuka moja.

Kwa mwenye tatizo, twashauri hivi. Usijinyime maji: kunywa ya kutosha asubuhi na mchana, kisha upunguze saa mbili kabla ya kulala. Chai, kahawa na pombe ziache jioni. Kojoa kabla ya kulala, na ukojoe tena unapozima taa. Weka nailoni nzito juu ya godoro, juu yake blanketi kuukuu, kisha shuka. Mtazamaji ataona kitanda kama vingine. Katika mfuko wako wa nguo weka kaptula, shuka ya pili na sabuni, ili usiku ubadilishe bila kuwasha taa. Jisafishe kwa maji na ujipake mafuta mapajani, ngozi isichubuke. Fua mapema, anika juani. Ukiwa na rafiki mmoja mwaminifu katika zamu ya usiku, akuguse mguu anapopita. Kuamshwa hakuponyi, ila huokoa usiku ule. Na kwa wiki mbili andika katika daftari ulikunywa nini, saa ngapi, na usiku upi ulilowa. Daftari hilo litamsaidia mganga kuliko maelezo marefu.

Kisha nenda hospitali. Mbale na Jinja zote zina hospitali kuu za rufaa, na kipimo cha kwanza ni cha mkojo na sukari, ambacho hata zahanati nyingi hukiweza. Nenda siku hiyo hiyo ikiwa kukojoa kumeanza pamoja na miguu kulegea au maumivu makali ya mgongo, maana huenda uti wa mgongo umeguswa. Mama anayevuja mkojo mchana na usiku baada ya uzazi mgumu ana tatizo jingine kabisa, nalo hutibiwa kwa upasuaji, asifichwe nyumbani.

Tiba zipo. Mwaka 1938, huko Marekani, Bwana na Bibi Mowrer walieleza kuhusu kengele inayolia tone la kwanza liangukapo, nayo humfundisha mlalaji kuamka mwenyewe. Kengele ya namna hiyo hutumika hata leo, ingawa twakiri kwamba haifai katika bweni la watu 40. Ipo dawa iitwayo desmopresini, inayofanya kazi ya ile homoni ya usiku. Hupunguza mkojo usiku ule inapotumika, lakini anayeinywa hana budi kupunguza sana maji tangu jioni, la sivyo chumvi ya damu hushuka na kumdhuru. Kwa hiyo isinunuliwe dukani bila mganga.

Twajua kwamba wapo wakuu watakaouliza: je, wavivu hawatajifanya wagonjwa ili wakwepe kazi? Swali hili ni la haki, na katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya nchi kubwa yalilikabili, kwani askari wengi waliachishwa kazi kwa sababu ya tatizo hili na si wote walioaminiwa. Jibu letu ni kwamba kumtambua mjanja ni kazi ya mganga. Mkuu anayewaadhibu wagonjwa wote ili ampate mjanja mmoja ni sawa na achomaye nyumba ili amwue panya.

Wala hatusemi kwamba majeshi yaache kupima afya za vijana wanaoandikishwa, au kwamba kila mtu apewe kila kazi. Tunaloomba ni dogo. Mganga wa kikosi amwambie mkuu kama askari anafaa kwa kazi fulani au hafai. Jina la ugonjwa libaki baina ya mganga na mgonjwa. Sajini akikuta kitanda kimelowa, aseme na mwenyewe faraghani, na wala asilitangaze jambo hilo mbele ya kombania. Asiwepo mtu wa kuamriwa kubeba godoro uwanjani.

Na nyumbani kwetu tuanze vivyo hivyo. Mtoto wa askari aliyezungushwa na godoro kichwani huku wenzake wakimwimbia hakupona kwa wimbo huo. Alijifunza kuficha tu. Huenda leo ni kijana wa Namatala anayetamani kwenda kujifunza upolisi Kabwangasi, ila haendi, kwa kuogopa usiku wa kwanza bwenini, na hamwambii mtu kwa nini.

Askari huapa kulinda watu, na mwenzake wa kitanda cha pili ni mmoja wa watu hao. Ukiamka usiku ukamwona anabadilisha shuka gizani, geukia ukutani ulale. Na asubuhi, mkiwa wawili tu, mwambie kwamba hospitali iko wazi.