Hisani ya Miguu

Wako watu wasemao kuwa matembezi ya hisani ni mchezo wa walioshiba. Husema, "Mwenye fedha na azitoe, kisha akae nyumbani kwake; mgonjwa haponi kwa jasho la mtembezi." Maneno haya husikika Meru na Embu kila tangazo la matembezi libandikwapo. Yapime, msomaji, kabla hujayameza, maana wengi wayasemao hawatembei wala hawatoi.

Asili ya jambo lenyewe si mchezo. Mwaka 1960 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha kampeni ya kupigana na njaa duniani, na katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, watu walitembea ili kuichangia. Mtembezi alikwenda kwa jirani na karatasi, jirani akaahidi senti kadhaa kwa kila maili, na maili zilipokwisha ahadi ikadaiwa. Katika miaka ya 1990 Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzisha mbio na matembezi ya moyo, ambayo baadaye yalifika miji mingine, Meru ukiwamo, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawawezi kulipia upasuaji. Fulana aivaayo mtembezi ndiyo stakabadhi yake.

Fikiri sasa juu ya maradhi hayo. Baadhi ya mioyo ile haikuzaliwa mibovu. Mtoto aliumwa koo, akaachwa bila dawa. Homa ikaingia viungoni, na mwisho ikaharibu milango ya ndani ya moyo. Penisilini, dawa isiyo ghali, ingalizuia yote. Atumaye fedha kutoka kitini pake aweza asilijue neno hili hata siku moja. Mama atembeaye na wanawe kati ya watu waliokuja kwa sababu hiyo hulisikia njiani, na koo la mwanawe likiuma tena hatalidharau. Je, faida hii nayo ni mchezo?

Wewe ni mtoto wa nchi ya harambee, na harambee imezaa matunda mema. Wazee wa Njuri Ncheke walitoa ardhi huko Nchiru, na chuo kilichoanzishwa hapo sasa ni Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia. Lakini harambee iliingia jukwaani ikaharibika. Mgeni wa heshima akatangaziwa kitita chake kwa kipaza sauti, huku mjane akinyang'anywa kuku kwa jina la mchango wa hiari. Ilibidi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iwawekee watumishi hao mipaka katika kuchangisha. Hiari ya kulazimishwa! Sijui lugha nyingine yenye jina zuri hivi kwa uporaji.

Matembezi hayana jukwaa. Mtoto wa miaka sita, asiye na shilingi, hutoa hatua zake. Nyanya hutoa zake kwa mkongojo. Na baba, aliyezoea kutajwa peke yake kwa niaba ya nyumba nzima, hulazimika kupunguza mwendo ili awangoje. Mimi naliona jambo hilo kuwa bora kuliko kitita.

Yuko mpinzani mmoja nimheshimuye. Huyu huuliza: mwanamke wa nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, afuataye maji mbali pamoja na punda wake, nani amempa fulana? Swali lake ni la haki, lakini haliyavunji matembezi, linayaonyesha njia. Kwa nini tuzunguke lami ya mji wa Embu, kisha tuishie uwanjani kwa soda na picha? Na tushuke Siakago au Kiritiri, jamaa nzima, tufuate njia ile ile ya maji, nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi, na fedha zitakazopatikana zichimbe kisima hapo hapo. Watoto wachukue vibuyu. Baba achukue mtungi wa lita 20, ambao maji yake peke yake yana uzito wa kilo 20, aupandishe kilima mgongoni mwake. Na yule asemaye kuwa twacheza, na aje ampokee nusu ya njia.